UZI: Wontoni za kamba na kaa kwenye eafraya, namna ya kuzitoa krispi kweli kweli

Mleta uzi

Wakuu habari zenu.

Naona malalamiko ni yale yale kila mahali, wontoni (vile vifurushi vidogo vya Kichina vya manda nyembamba vyenye mjazo ndani) za eafraya zinatoka ngumu, rangi imepauka, juu zina madoa ya unga mbichi halafu ukiuma ndani maji maji, na mwisho watu wanasema mashine yenyewe ndo haifai. Mi nasema mashine haina shida. Shida ni kwamba tunaitumia tukiamini inakaanga, na haikaangi. Ni oveni ndogo, juu ina waya wa moto na feni inayozungusha hewa kwa kasi, basi. Tangu Philips watoe ya kwao 2010 hilo jina la kukaanga limeshika na ndo linalotupoteza.

Kwa nini hili lina maana kwenye wontoni hasa? Kwa sababu manda ya wontoni ni nyembamba na kavu. Mafuta ya nyuzi 180 na hewa ya nyuzi 180 kwenye kipimo ni sawa ila kazi zao haziko sawa hata kidogo, mafuta yanagusa kila kona ya manda na yanaisukumia joto papo hapo, maji yaliyo kwenye unga yanachemka mara moja ndo unaona vile vimalengelenge vya juu, ambavyo ndo ukrispi wenyewe. Hewa inapeleka joto taratibu. Manda ikiwa haina mafuta inakauka tu, inakuwa ngumu bila kuiva, na pale penye unga wa kunyunyizia panabaki peupe mpaka mwisho. Kwa hiyo yale mafuta kidogo ya kupaka usiyaone ya urembo, ndo yanayobeba joto mpaka ndani ya unga, na pasipopakwa utapaona kwa macho.

Jambo la pili ni maji ya ndani, na hapa ndo naomba msome taratibu maana vyakula vya bahari vina maji mengi kuliko nyama nyingine nyingi. Kwenye karai wontoni inakaa dakika mbili tatu tu inatoka. Kwenye eafraya inakaa saba mpaka nane. Muda wote huo kamba anaachia maji, maji yanageuka mvuke, na maji yakigeuka mvuke yanatanuka karibu mara 1,600, sasa huo mvuke lazima utafute pa kutokea, ama unapasua kiungo ama unaingia kwenye manda kwa ndani na kuilowesha. Umepaka mafuta vizuri, umeweka moto sawa, bado chini imelegea, ujue ni maji ya mjazo.

Kwa hiyo mjazo wa kamba mi naufanya hivi. Gramu 250 za kamba aliyemenywa na kutolewa ule uzi mweusi wa mgongoni, namchanganya na nusu kijiko cha chai cha chumvi na robo kijiko cha chai cha beking soda (soda, siyo beking pauda), anakaa kwenye friji dakika 20 hadi 30, kisha naosha kwa maji baridi mpaka utelezi wa soda uishe na namkausha kwa karatasi za jikoni, namkausha haswa, siyo kumgusagusa. Ile soda inapunguza asidi kwenye nyama, protini zikipata moto hazijikunji kwa nguvu kwa hiyo hazikamui maji nje, na ndo maana kamba anabaki na ule mng'ato anapoumwa. Ukizidisha soda utaisikia ladha ya sabuni, robo kijiko inatosha.

Halafu nusu ya kamba nampondaponda kwa ubapa wa kisu mpaka awe uji mzito, nusu nyingine namkata vipande vya ukubwa wa harage. Narudisha chumvi kidogo maana ile ya kwanza imeoshwa, naweka kijiko kimoja cha chakula cha konflawa, kijiko cha chai cha mafuta ya ufuta, tangawizi iliyosagwa, pilipili manga nyeupe, majani ya vitunguu yaliyokatwa madogo, sukari kidogo sana. Unakoroga kwa nguvu mpaka ianze kunata na kushika bakuli. Huko kunata ndo kuna siri, chumvi na kukoroga vinatoa protini ya kamba inayojifunga na kuyashika maji, mjazo unaiva ukiwa donge moja laini badala ya vipande vinavyoelea kwenye supu. Usitie sosi ya soya humo ndani, ni maji hayo, iache ya kuchovyea.

Kufunga: kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, ncha ya kidole yenye maji unapitisha ukingoni, unakunja pembetatu huku unasukuma hewa itoke, unabana. Najua kwenye picha zile za mfuko zilizokusanywa juu ndo zinavutia. Kwenye eafraya siwashauri. Pale shingoni manda zinarundikana tabaka nne tano, hewa haifiki, unga unabaki mbichi, wakati ncha za juu zilizo karibu na waya wa moto zinaungua. Pembetatu iliyolala inaiva sawasawa kote.

Washa mashine nyuzi 180 iwe tupu dakika tatu hadi tano ishike moto. Paka mafuta wontoni pande zote mbili na ukingoni, hasa ukingoni. Zipange safu moja zisigusane. Dakika nne, geuza, paka tena palipokauka, dakika tatu hadi nne nyingine. Mashine hazilingani kwa hiyo mkupuo wa kwanza weka chache uzisome. Pasua moja uone, kamba akiiva anakuwa wa rangi ya waridi na nyama nyeupe isiyopitisha mwanga, na kama una kipimajoto katikati iwe nyuzi 63.

Zikiwa za dhahabu toa. Usisubiri rangi nzito ya karai, huku ukiisubiri ncha zinakuwa chungu na mjazo unakauka. Weka juu ya waya wa kupozea dakika mbili, hapo ndo zinamalizia kukaza. Usizirundike kwenye bakuli ukafunika, mvuke wake utazilegeza zote ndani ya dakika chache.

Maswali karibuni.

Mdau wa kwanza

Mkuu uzi umeshiba. Ila mimi eafraya nimenunua ili niachane na mafuta, sasa ukiniambia nipake mafuta pande zote mbili si bora nirudi kwenye karai tu?

Mleta uzi

Hapana ndugu yangu, tupige hesabu pamoja. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama gramu 14. Hizo gramu 250 za kamba zinatoa wontoni 28 hivi, na kijiko hicho kimoja kinazipaka zote. Ni nusu gramu kwa wontoni moja! Hicho ni kiasi cha kula kwa amani kabisa. Unachokwepa kwenye eafraya ni ile sufuria nzima ya mafuta na yale yanayonyonywa na manda, lakini ukipeleka mpaka sifuri unapata kitu kikavu kisicholiwa na mtu, kinaishia jalalani, na kamba siyo kitu cha kutupa.

Mdau wa pili

Nakubaliana na mleta uzi hapo kwenye mafuta, naongezea moja tu. Msitumie zile spreyi za kopo za kupikia. Nyingi zina lesithini ndani (kitu kinachotiwa kuzuia chakula kunata) na ikipata moto inaganda kwenye kikapu inakuwa gundi ya kahawia isiyotoka, ukisugua unatoa na ile rangi ya kuzuia kunata, kikapu changu kimekwisha hivyo. Chupa ya kupuliza unayojaza mafuta yako mwenyewe au brashi laini inatosha.

Mleta uzi

Sahihi kabisa dada. Na brashi iwe ya silikoni au ya nywele laini, ngumu inachana manda.

Mdau wa tatu

Za kamba sawa, mimi nazipenda za kaa na jibini laini. Kila nikizifanya jibini lote linamwagika chini, nabaki na maganda matupu. Shida ni nini?

Mleta uzi

Hizo ni za mtindo wa migahawa ya Marekani, kaa na jibini ni mambo ya huko siyo ya China, na ni tamu sana ila kwenye eafraya zinahitaji heshima. Kaa wako kwa kawaida ameshapikwa tayari, iwe wa kopo au wa kubangua, kwa hiyo mle ndani hakuna kitu cha kuiva wala cha kushikana. Jibini likipata moto linayeyuka na kutanuka, likikuta hewa ndani ya wontoni linasukuma, kiungo kinaachia, kwisha habari.

Fanya hivi. Kaa mkamue kwenye kitambaa safi mpaka asidondoshe hata tone. Jibini liwe la kipande, lile zito, la kupaka kwenye mkate lina maji zaidi. Weka kijiko kidogo cha konflawa kwenye mchanganyiko. Ukishazifunga zipeleke friza dakika 20 hadi 30 mjazo ukaze, halafu ndo ziingie kwenye mashine yenye moto tayari, ili manda ikaze kabla jibini halijaanza kukimbia. Na kwa kuwa ndani hakuna kibichi usikae nazo muda mrefu, dakika sita hivi, ukiona rangi toa. Unabana kila upande mara mbili, hewa yote nje, hii ndo muhimu kuliko zote.

Vile vijiti vya kaa vya bandia navyo vinafaa sana, ni samaki mweupe aliyesagwa na kuchanganywa na wanga, haviachii maji mengi. Kata vidogo tu. Watu wanavidharau bure.

Mdau wa nne

Mi natofautiana kidogo na mleta uzi. Umesema pembetatu tu, mimi nafunga ile ya bahasha, pembe nne zinakutana katikati, na zinatoka vizuri bila shida. Na ngisi mbona hujamtaja? Kwangu ngisi ni namba moja.

Mleta uzi

Bahasha sawa mkuu sina ugomvi nayo, pale katikati panakuwa na tabaka kidogo lakini hewa inafika, mradi ukiweka kwenye kikapu uanze na upande wenye mikunjo ukiwa juu ili upate moto kwanza. Ile ya mfuko ndo siikubali.

Ngisi ni mtihani mwingine. Ngisi anaiva haraka sana, akipitiliza anakuwa mpira, na akiwa mbichi ndani ya manda anaachia maji mengi mno. Wewe unamfanyaje?

Mdau wa nne

Simuweki mbichi. Maji yanachemka, natumbukiza sekunde 30 tu, namtoa namtia kwenye maji ya barafu, namkausha, namkata vidogo sana halafu namchanganya na ule uji wa kamba uliopondwa, kamba sehemu tatu ngisi sehemu moja. Maji yake yanabaki kwenye sufuria na kamba ndo anakuwa kishikizo.

Mleta uzi

Hii nimeipenda, asante sana. Umeleta kitu cha maana, wanaopenda ngisi wafuate hapa. Hata samaki mweupe unaweza kumfanyia vivyo hivyo kwa maana ya kumchanganya na kamba aliyepondwa, ila samaki usimchemshe, mkate tu, mtie chumvi, muache dakika kumi kwenye chujio achuje, kausha.

Mdau wa tano

Jamani manda zangu zinapasuka kwenye mkunjo kabla hata sijaziweka kwenye mashine. Na je za kutengeneza mwenyewe zinawezekana?

Mleta uzi

Zinapasuka kwa sababu zimekauka. Pakiti ukiifungua tu funika na kitambaa kilichokamuliwa vizuri, chenye unyevu siyo cha kudondosha maji, toa nne tano fanya kazi, funika. Na zilizotoka friza ziyeyushe ndani ya friji usiku kucha kwenye pakiti yake, ukiziyeyusha mezani za nje zinalowa zinagandana.

Za kujitengenezea zinawezekana na ni raha. Unga wa ngano gramu 200, yai moja, chumvi kidogo, maji kama mililita 60, unaongeza kwa matone ikikataa kushikana. Donge linakuwa gumu, usiogope ndivyo linavyotakiwa. Kanda dakika kumi, funika likae angalau nusu saa, ndo lisukumike bila kurudi nyuma. Sukuma mpaka uone kivuli cha mkono wako ukiwa nyuma yake, kata miraba ya sentimita 9. Kunyunyizia tumia konflawa siyo ngano, halafu kabla ya kujaza pangusa iliyozidi kwa brashi kavu. Yale madoa meupe watu wanayolalamikia mengi ni huo unga wa juu ambao haukupanguswa na haukupata mafuta. Yai usiliache, ndo linalosaidia rangi maana kwenye eafraya rangi haiji kirahisi.

Mdau wa sita

Kwangu feni inazipeperusha. Nikifungua nakuta zimejikusanya kona moja, nyingine zimefunuka pembe. Nikaweka karatasi ya kuokea chini zishike, karatasi ikaruka ikagusa waya wa moto ikaungua pembeni, nyumba nzima moshi.

Mleta uzi

Pole sana, na hiyo ni ya hatari wakuu wote msikie. Karatasi ya kuokea USIIWEKE wakati mashine inapashwa ikiwa tupu, lazima iwe imekandamizwa na chakula, na isizidi ukubwa wa chakula chenyewe. Kwa wontoni mi naona haihitajiki kabisa kwa sababu inaziba hewa ya chini na upande wa chini unalegea. Paka kikapu mafuta kidogo zisinate, inatosha.

Kuruka kunatokana na wontoni nyepesi na pembe zilizo wazi. Ile pembetatu ukishaifunga chukua zile pembe mbili za pembeni zilete pamoja uzibane kwa tone la maji, inakuwa na uzito katikati na haina bawa la kupeperushwa. Kama mashine yako ilikuja na ule wavu wa kuwekea ghorofa ya pili, ulaze juu ya wontoni dakika mbili za mwanzo, manda ikishakaza hairuki tena, uondoe.

Mdau wa saba

Naweza kuandaa nyingi nikagandisha?

Mleta uzi

Tena ndo njia bora. Zipange kwenye trei zisigusane, friza mpaka ziwe mawe, ndo uzikusanye kwenye mfuko na kutoa hewa. Ukizitia mfukoni zikiwa laini utapata bonge moja. Siku ya kula USIYEYUSHE, zikiyeyuka manda inanyonya maji ya mjazo na hapo hata mafuta hayasaidii. Zitoke friza, zipakwe mafuta, ziingie nyuzi 175 dakika tisa hadi kumi, geuza katikati. Moto ushuke kidogo kuliko za kawaida ili katikati kupate muda wa kuiva kabla ncha hazijaungua. Moja pasua uhakikishe. Ila kama kamba wako ulimnunua ameshagandishwa ukamyeyusha, myeyushie kwenye friji na umrudishe friza haraka, asikae mezani muda mrefu, na ujue maji yatamtoka zaidi kwa hiyo kukausha kuwe mara mbili.

Mdau wa nane

Samahani kwa kutoka kidogo nje ya mada, mwanangu ana aleji ya kamba. Nikimpikia za kuku kwenye mashine hiyo hiyo baada ya za kamba kuna shida? Si moto unaua kila kitu?

Mleta uzi

Dada hujatoka nje ya mada, na usifanye hivyo. Protini inayoleta aleji ya kamba na kaa kwa watu wengi haivunjwi na moto wa jikoni, inabaki vile vile hata baada ya kupikwa. Mabaki kwenye kikapu, kwenye brashi ya mafuta, hata kwenye bakuli la sosi yanaweza kumdhuru. Za mtoto zipike kwanza kwenye kikapu safi kilichooshwa kwa sabuni, ubao na kisu vyake peke yake, brashi yake, na kama aleji yake ni kali kaa na daktari wake kuhusu kupika kamba humo ndani kabisa maana feni inarusha matone mpaka juu kwenye waya na huko hakuoshwi kirahisi.

Mdau wa nane

Asante sana kaka, hilo la feni sikuliwaza kabisa. Nitatenga.

Mdau wa kwanza

Mleta uzi nimerudi. Nimefanya kwa kijiko kimoja cha mafuta kama ulivyosema na zimekuwa krispi haswa, nimekubali. Zimebaki kama kumi, zimelala kwenye friji zimelegea. Maikrowevu?

Mleta uzi

Safi sana mkuu umenifurahisha! Maikrowevu hapana, inachemsha maji ya ndani na kuyasukumia kwenye manda, zitakuwa laini na ngumu kwa pamoja. Rudisha kwenye eafraya nyuzi 170 dakika tatu nne, bila kuongeza mafuta, yaliyomo yanatosha. Kama zilikaa mezani zaidi ya saa mbili kabla ya kuingia friji usizile, kamba hana mchezo kwenye hilo. Na sosi weka kwenye kibakuli pembeni, siki ya mchele, sosi ya soya kidogo, tangawizi nyembamba na pilipili, uchovye moja moja. Ukimwagia juu zinalegea kabla hujamaliza sahani.